Kigezo cha Nani? Ufundishaji wa Usanifu Zalishi Ukitazamwa kutoka Nakivale na Mbarara

Kwa msomaji wa isimu ya Kiswahili, neno zalishi si geni. Tangu sarufi geuzi zalishi ilipoingia katika mihadhara ya vyuo vya Afrika Mashariki, wanafunzi wamezoea wazo la kanuni chache zinazoweza kuzalisha tungo zisizo na kikomo, na wamezoea pia kazi ya kuzibainisha kanuni hizo kutokana na tungo ambazo wazungumzaji tayari wanazo vinywani. Wasanifu majengo walichukua wazo linalokaribiana na hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale George Stiny na James Gips walipopendekeza sarufi ya maumbo: umbo la awali, kanuni za kugeuza umbo moja kuwa jingine, na utaratibu wa kuzitumia kanuni hizo hadi mchoro ukamilike. Mwaka 1978 Stiny na William Mitchell walionyesha kwamba kanuni za namna hiyo zinaweza kuzalisha ramani za nyumba za kifahari za Andrea Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16, zikiwemo ramani ambazo Palladio mwenyewe hakuzichora. Linalostahili kuangaliwa hapa ni mfuatano wa kazi yao. Walianza na nyumba zilizopo, wakauliza zinafuata kanuni gani, ndipo wakazalisha.

Ufundishaji wa usanifu wa kikokotozi ulioenea leo kwa kiasi kikubwa umeupindua mfuatano huo. Mwanafunzi hufunguliwa programu kwanza, aghalabu Grasshopper, iliyobuniwa na David Rutten mwaka 2007 ili ifanye kazi ndani ya Rhinoceros. Huunganisha visanduku kwa nyaya za kuchorwa, husogeza vitelezi, na umbo hubadilika mbele ya macho yake. Furaha ya jambo hilo ni ya kweli na haifai kubezwa. Hakuna aliyewahi kuona ukuta ukijipinda kwa kuguswa na kidole akabaki vilevile. Lakini kitelezi kimeanzia 3 na kuishia 9, na swali la nani aliyeamua kianzie hapo na kuishia pale huwa halina mahali katika somo. Patrik Schumacher alipotangaza mwaka 2008, katika maonyesho ya Venice, kwamba usanifu wa vigezo ndio mtindo mkuu mpya wa dunia, alizungumza kuhusu umbo. Kozi nyingi zilizofuata zimebaki hapohapo alipoziacha.

Katika makala haya ufundishaji huo unatazamwa kutoka mahali ambapo vigezo vina uzito wa ardhi, maji na chakula: makazi ya wakimbizi ya Nakivale katika wilaya ya Isingiro, na jiji la Mbarara lililo jirani, kusini-magharibi mwa Uganda.

Makazi na jedwali

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Ilitambuliwa rasmi mwaka 1960 ili kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, na tangu hapo imepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wanyarwanda wa mawimbi ya baadaye. Wakazi wake ni zaidi ya 100,000, nao wametawanyika katika vijiji vya kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, karibu na ziwa lenye jina hilohilo. Mgeni anayetarajia safu za mahema hukuta mahindi na migomba, nyumba za fito na udongo zilizoezekwa kwa mabati au kwa turubai, maduka ya Wasomali, makanisa, misikiti na njia zinazopinda kufuata mteremko. Haionekani kama mahali palipokokotolewa.

Hata hivyo, nyuma ya makazi ya namna hii duniani kote lipo jedwali. Mwongozo wa dharura wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, hupanga kambi kwa ngazi: kaya ya watu 4 hadi 6, jumuiya ya kaya 16, yaani watu wapatao 80, bloku ya jumuiya 16, watu 1,250, sekta ya bloku 4, watu 5,000, na kambi ya sekta 4, watu 20,000. (Msomaji makini ataona kwamba 80 mara 16 ni 1,280, jedwali limekubali kukadiria.) Ngazi hizo huandamana na vipimo: mita za mraba 45 za eneo kwa kila mtu, bustani ndogo ya kaya ikiwa ndani yake, mita za mraba 3.5 za nafasi iliyoezekwa kwa kila mtu katika nchi za joto; na kinga ya moto yenye upana wa mita 30 kwa kila mita 300 za eneo lililojengwa.

Kwa lugha ya Stiny na Gips, hii ni sarufi kamili. Ina umbo la awali, ambalo ni kaya. Ina kanuni za kurudufu, ina masharti ya umbali, na ina mahali pa kukomea. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuiandika kwa Python kwa mchana mmoja na kuzalisha kambi mia moja kabla ya jua kuchwa, zote zikiwa sahihi kwa mujibu wa jedwali. Ni zoezi rahisi, tena linavutia, na kwa sababu hiyo linahitaji kukosolewa kabla halijawa kawaida ya madarasa.

Kaya ya watu 5, kwa kipimo cha mita 45, inahesabiwa mita za mraba 225, na humo zimo pia sehemu yake ya barabara, ya shule na ya zahanati. Uganda imefuata njia tofauti. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na Kanuni zake za 2010 humruhusu mkimbizi kufanya kazi, kutembea nchini na kutumia ardhi aliyogawiwa, na katika makazi yaliyofunguliwa kaskazini-magharibi kuanzia mwaka 2016 kiwanja cha makazi kilipimwa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900 za kaya peke yake. Kati ya 225 na 900 kuna tofauti ya sera mbili: moja inayotarajia chakula kije kwa lori, na nyingine inayotarajia sehemu yake ilimwe nyuma ya nyumba. Hakuna hata moja kati ya namba hizo iliyotoka katika udongo au katika mvua. Zote mbili ziliamuliwa ofisini, na zote mbili huingia katika programu zikiwa zimevaa sura ileile ya kitelezi.

Mwezi Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likikabiliwa na upungufu wa fedha, liligawa kaya za wakimbizi nchini Uganda katika makundi 3 kwa kadiri ya uhitaji, na kundi lililohesabiwa kuwa linajiweza likaondolewa katika mgao. Kwa kaya iliyoondolewa, kiwanja ndicho ghala. Sasa achukuliwe mwanafunzi mwenye kipaji anayepewa kazi ya kupokea kaya zaidi katika eneo lilelile. Anasogeza kitelezi cha upande wa kiwanja kutoka mita 30 hadi 20. Idadi ya viwanja inaongezeka zaidi ya maradufu, mabomba yanakuwa mafupi, umbali wa kwenda shuleni unapungua, na programu inaripoti kwamba ufanisi umeongezeka. Mahindi yamepungua kutoka mita za mraba 900 hadi 400, lakini mahindi hayakuwa miongoni mwa mambo ambayo programu iliagizwa kuyahesabu.

Ni haki kusema kwamba mwongozo wa UNHCR wenyewe hushauri mpango uanzie kwenye kaya na kuonya dhidi ya safu zilizonyooka zisizojali ardhi ilivyo. Kosa linalojadiliwa hapa ni la darasa linalopokea jedwali kana kwamba ni sheria ya maumbile. Wahitimu wa darasa hilo ndio watakaoajiriwa kesho na mashirika na ofisi za serikali kupanga makazi kwa data za setilaiti, na data hizo tayari zipo: wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap wamekuwa wakichora makazi ya wakimbizi ya Uganda kwa miaka kadhaa, na mwaka 2021 Google ilitoa hifadhidata ya nyayo za majengo ya Afrika iliyotengenezwa na mashine kutokana na picha za angani.

Boriti, bati na mvua

Pwani ya Waswahili ina mfano ambao shule za usanifu za ukanda huu zingeweza kuutumia kabla ya kuwasha kompyuta. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Urefu wa boriti ulipangia chumba upana wake. Mengine yote yalipangwa na watu: vyumba vifuatane vingapi kutoka daka hadi ndani, zidaka ziwe ukuta upi, ghorofa iongezwe lini kwa ajili ya binti anayeolewa. Mwanafunzi anayezichora kanuni hizo kwa penseli hujifunza jambo ambalo programu haimwambii, kwamba baadhi ya kanuni hutoka katika mti na nyingine hutoka katika ukoo, na kwamba fundi hazichanganyi.

Nyumba ya Nakivale ina boriti yake pia. Kaya mpya huanza na nguzo na turubai. Ukuta wa fito na udongo hufuata. Turubai huondolewa bati linapopatikana. Jiko husogezwa nje. Chumba huongezwa watoto wakikua. Na upande unaotazama njia hugeuzwa kibanda cha biashara. Mfuatano huu hauna mchoraji mmoja, ila una mantiki inayoweza kuandikwa. Bati haliji kabla ya ukuta unaoweza kulibeba. Kibanda hakiwezekani kwa kiwanja kisichogusa njia. Kila hatua ina gharama yake na mtu wa kuiamua, na mara nyingi anayeamua ni mama wa nyumba. Mtaalamu wa programu atayatambua humo masharti na marudio anayoyafundisha kila muhula kwa mifano isiyo na mahali.

Hapa inafaa kutaja kitabu cha Ron Eglash cha mwaka 1999 kuhusu maumbo yanayojirudia ndani ya maumbo katika makazi ya Kiafrika, ambamo kijiji cha Waila wa Zambia, duara la nyumba lililofanywa kwa maduara madogo, ni miongoni mwa mifano inayojulikana sana. Kimekuwa kimbilio la walimu wanaotaka kuonyesha kwamba algoriti si mali ya Ulaya, nao wana haki. Eglash mwenyewe alieleza kwamba ukubwa na nafasi ya kila duara vilifuata heshima ya wanaoishi humo, mkuu wa kijiji akiwa upande wa nyuma. Darasani, heshima hiyo hupotea njiani, na kinachofika kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka ni ukuta wa jengo la ofisi uliotobolewa maduara. Umbo limeazimwa, kanuni iliyolizaa imeachwa Zambia.

Njia nyingine ipo, na haihitaji leseni. Lichukuliwe paa la bati la mita 4 kwa 6, yaani mita za mraba 24. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20 ikinyesha jioni moja, paa hilo hupokea lita 480. Ikikadiriwa kwamba moja ya tano hupotea kwa kuruka na kuvuja, zinabaki lita 384, sawa na jerikeni 19 za lita 20. Kaya ya watu 5, kwa kiwango cha lita 20 kwa mtu kwa siku ambacho UNHCR hukilenga dharura ikishapita, imepata maji ya karibu siku 4. Hesabu hii inatosha katika lahajedwali yenye safu sita.

Kinachofuata ndicho kiini cha mbinu. Mwanafunzi abadilishe mteremko wa paa, urefu wa mfereji, ukubwa wa nyumba na ukubwa wa chombo cha kuhifadhia, kimoja baada ya kingine, na aangalie kipi kinabadilisha jibu. Mteremko hubadilisha kidogo. Umbo la paa, ambalo ndilo angependa kulichezea, hubadilisha kidogo zaidi. Lakini chombo kikiwa pipa moja la lita 200, karibu nusu ya maji yote humwagika hata kama paa lingesanifiwa na malaika. Kigezo kinachotawala ni bei ya chombo, na bei ya chombo haimo katika studio ya usanifu. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa hesabu yake mwenyewe amejifunza usanifu wa kikokotozi kwa kina kuliko mwenzake aliyezalisha paa mia moja zenye mawimbi, na ana jambo la kumwambia mshauri wa sera.

Majengo mawili

Ukanda huu una majengo ambayo yangeweza kuwa vitabu vya kiada. Uwanja wa kriketi wa Rwanda huko Gahanga, Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017, ni kazi ya Light Earth Designs, kundi ambalo Peter Rich, Michael Ramage na Tim Hall walishirikiana ndani yake. Rich na Ramage walikuwa wameshajaribu njia hiyo katika kituo cha Mapungubwe nchini Afrika Kusini. Paa za Gahanga ni matao membamba ya vigae vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, vikashindiliwa bila kuchomwa. Mpindo wa tao unafuata njia ambayo uzito hupita kuelekea ardhini, hivyo kigae hubanwa tu na hakivutwi, na jengo halihitaji chuma kingi. Kuni hazikuchomwa kwa ajili ya vigae hivyo, na kwa nchi zilizokwisha kupoteza misitu kwa tanuri za matofali hilo ni jambo zito. Mkokotoo wa hali ya juu uliishia mikononi mwa mafundi waliofunzwa papo hapo kazini.

Sifa hizo zinastahili, lakini kama somo jengo hilo lina upungufu. Halionyeshi sarufi yake. Anayelitazama huona umbo moja lililokamilika. Hawezi kujua ni umbo lipi jingine lingesimama na lipi lingeanguka, wala ni kiasi gani cha kosa la fundi ambacho tao lingeweza kulivumilia. Kwa hiyo katika studio huingia kama picha, wanafunzi wakaiga mpindo na kuusahau mgandamizo. Mnyororo uliofungwa ncha mbili na kuachwa uning'inie, kisha picha yake ikapinduliwa, ungewafundisha zaidi kwa dakika kumi.

Kituo cha sanaa za maonyesho cha Bidibidi, wilaya ya Yumbe, kilichobuniwa na Hassell pamoja na Localworks ya Kampala katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016, ni mwalimu bora zaidi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, na paa lake la chuma limegeuzwa mfano wa faneli ili maji ya mvua yakusanywe kwa matumizi ya watu. Kanuni yake inaonekana kwa macho: mtoto aliyekaa kwenye ngazi za ukumbi anaweza kueleza maji yanakwenda wapi na kwa nini paa liko hivyo. Hapo mkokotoo umegeuka kuwa elimu ya umma bila maandishi ukutani. Upungufu wake ni wa ukubwa. Faneli hiyo ni ya taasisi yenye wafadhili, na hakuna hatua ndogo inayoiunganisha na paa la kaya la mita 4 kwa 6. Mwanafunzi aliyepelekwa huko arudi na swali hilo: kanuni ileile, ikishushwa hadi bati sita, inabaki na nini?

Barabara ya Mbarara

Shule mbili za usanifu majengo zinazojulikana zaidi nchini Uganda ziko Makerere, ambako idara ilianza mwaka 1989, na katika Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs huko Nkozi, kwenye barabara ya Masaka. Mwaka huohuo wa 1989 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ambacho kina wanafunzi wa uhandisi na wa kompyuta. Barabara inayopita Nkozi ndiyo hiyohiyo inayofika Mbarara, na kutoka Mbarara Nakivale si mbali. Jiografia imekwisha kuandaa studio ya pamoja. Kilichobaki ni ratiba na mafuta ya basi. Mbarara yenyewe, iliyopandishwa kuwa jiji Julai 2020, ina somo lake: humo wanaishi wakimbizi walioondoka kwenye makazi kutafuta kazi au shule, na kwa kuwa misaada mingi hutolewa ndani ya makazi, kuhamia mjini mara nyingi ni kuuacha mgao nyuma. Hao hawamo katika jedwali lolote la viwanja.

Kuhusu vyombo hakuna haja ya maneno mengi. Rhinoceros ni ya kulipiwa. Blender na nyongeza yake ya Sverchok, FreeCAD, QGIS na Python ni programu huria, na nyingi kati yake hufanya kazi bila intaneti zikishapakuliwa. Umeme ukikatika, penseli inaendelea.

Kikwazo kikubwa zaidi ni utahini. Mark Olweny, aliyefundisha Nkozi kwa miaka mingi, ameandika kuhusu namna wanafunzi wa usanifu wa Afrika Mashariki wanavyojamiishwa katika taaluma, yaani jinsi studio inavyorithisha maadili ambayo hayajaandikwa katika mtaala. Kwa upande wa usanifu wa kikokotozi, kinachorithishwa kimya kimya ni thamani ya picha. Mtahini hukaa mbele ya ubao kwa dakika 15, na kilichozalishwa na kompyuta kinang'aa kuliko orodha ya kanuni. Chuo kikitaka kubadilisha ufundishaji bila kununua hata kompyuta mpakato moja, kinaweza kuanza kwa kutoa nusu ya alama kwa karatasi moja tu: orodha ya kila namba iliyoingia katika programu, ilitoka wapi, nani aliiamua, na nini kingebadilika kama ingeamuliwa vingine.

Lugha ya kanuni

Karatasi hiyo iandikwe kwa lugha gani? Katika Nakivale, Kiswahili ni lugha ya soko na ya mikutano kwa sehemu kubwa ya wakazi, hasa Wakongo na Warundi, wakati studio za vyuo huendeshwa kwa Kiingereza. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vijana wa maagizo hayo watafika vyuoni. Watakuta istilahi za hisabati zipo, lakini hazijatumiwa katika usanifu majengo.

Istilahi moja inastahili kusimamiwa. Neno kigezo, kutoka geza, lilikuwa la fundi kabla halijawa la mwanahisabati: ni kitu cha kupimia au cha kuiga. Limekuja kumaanisha pia kipimo cha kuamulia lililo sahihi au stahiki, kama katika vigezo vya kuajiri. Yupo atakayeona utata huo kuwa kasoro na kupendekeza neno la mkopo. Utata huo ni faida. Anayesema kwa Kiswahili kwamba kigezo cha kiwanja ni mita 20 amekwisha kukiri, atake asitake, kwamba kuna aliyeamua, na msikilizaji ana haki ya kuuliza kigezo hicho ni cha nani. Kiswahili cha hisabati kina pia kigeu, kinachobadilika hesabu ikiendelea, na kisobadilika. Mteremko wa kilima cha Juru, kwa muda wa mradi, ni kisobadilika. Idadi ya watoto ni kigeu. Ukubwa wa kiwanja ni kigezo. Programu huvionyesha vyote vitatu kama vitelezi vya rangi moja, na mwanafunzi asiyekuwa na maneno matatu hana njia ya kuvitenganisha.

Kazi hiyo si ya wanaisimu peke yao. Mkongo wa mashariki anaweza kusema parseli pale Mtanzania anaposema kiwanja, na mipaka ya maana haifanani: ua, shamba na mahali pa kulaza mbuzi vinaweza kuwa ndani ya neno moja na nje ya jingine. Ikiwa mwanafunzi ataandika kanuni kwa neno moja na kaya ikajibu kwa jingine, programu itakokotoa kitu ambacho hakuna aliyekisema.

Mpaka

Kila programu ya kupanga viwanja huanza kwa kuomba mstari uliofungwa. Bila mpaka haina pa kujaza. Nakivale mstari huo ndio jambo lenye mgogoro wa muda mrefu kuliko yote: ardhi iliyotengwa na serikali kwa ajili ya wakimbizi, wakulima wenyeji wanaodai kuwa humo tangu zamani, na wafugaji wa Ankole ambao ng'ombe wao hutembea kufuata maji na majani bila kujali gazeti la serikali. Kwa jicho la setilaiti, linalohesabu mapaa, ardhi ya malisho ni tupu. Kwa programu, tupu ni nafasi iliyopo. Hivyo mwanafunzi aliyepakua mpaka mmoja kutoka intaneti na kubonyeza kitufe amekwisha kuchagua upande katika ugomvi ambao hajausikia.

Studio inayojali hilo inaweza kudai mipaka 3 badala ya mmoja: wa ramani rasmi, wa wakulima wenyeji waliohojiwa, na wa njia za ng'ombe katika kiangazi. Sarufi ileile iendeshwe mara 3 bila kubadilishwa chochote kingine, na idadi ya viwanja vilivyopatikana au kupotea katika kila mpaka iandikwe kwenye ubao, kwa Kiswahili na kwa Kinyankole, kabla mtahini hajaonyeshwa picha hata moja.